Walimsubiri Bibi Apoe

Ilibidi wamsubiri apoe ndipo wamkate. Naanza na hilo makusudi, maana nikianza na mengine nitapandwa na hasira na kulisahau, na hilo ndilo lenyewe.

Mashine ya mvuke ya kiwanda chetu cha mbao, nje kidogo ya mji wa Njombe, ilikuwa imeshatangazwa na wakubwa kwamba imekufa. Chuma chakavu, wakasema, na kama chuma chakavu ikauzwa. Siku watu wa mnunuzi walipofika na mitungi yao ya gesi kuja kukata maiti, maiti ilikuwa ya moto. Ilikuwa imepasua mbao asubuhi ile ile. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi ya kukatia aliweka kiganja kwenye tumbo la boila, akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

"Mama yangu! Si mlisema imekufa?"

Mzee wetu wa kuchochea moto, ambaye alikuwa na boila ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akamjibu bila kuinuka kwenye gogo lake: "Imekufa, mwanangu. Ila baridi ya huku Njombe unaijua. Hata maiti wetu wanaota moto."

Wakacheka. Na sisi tukacheka, ndiyo, maana mtu akichekesha utafanyaje. Wakakaa juu ya mabanzi, wakavuta sigara, wakala viazi vyetu vilivyoiva kwenye majivu ya marehemu, wakashukuru. Jua lilipoanza kuegemea upande wa misitu, kijana akagusa tena tumbo, akatikisa kichwa kukubali, akawasha moto wake mdogo wa bluu. Alianzia ubavuni. Nilikuwa nimevua sweta kwa sababu mimi ndiye niliyetoa mvuke na maji, na ndani ya sweta nilivaa fulana nyeupe iliyoandikwa kifuani kwa herufi kubwa: NAIPENDA KAZI YANGU. Ndivyo nilivyosimama pale. Sikuwa nimeivaa kwa mzaha. Ilikuwa ndiyo fulana nzima pekee niliyokuwa nayo.

Sasa nirudi nyuma, nikueleze fulana ilitoka wapi, na Bibi alikuwa nani, na nani alimwua.

Mimi shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa na kilema cha hesabu. Kwetu ni huko chini upande wa Wanging'ombe. Nilipanda Njombe kutafuta kibarua cha kubeba mbao, nikapata. Nilibeba mpaka bega langu moja likawa chini kuliko jingine, na liko hivyo hadi leo. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye banda la mashine. Kila nikipita na ubao begani nilipunguza mwendo. Yule mzee wa moto aliona.

"We Mbena wa Wanging'ombe," akaniita siku moja, "unabeba mbao au unaposa?"

"Naangalia tu, mzee."

"Hapa haangalii mtu bure. Chukua koleo."

Chuo changu cha uhandisi ndicho hicho. Mwalimu mmoja, kitabu hakuna, moto upo. Nilijifunza kulisha tanuri mabanzi na maranda, kusoma maji kwenye kioo chake, kupaka grisi kila panapolia, na kuutii mvuke kama unavyomtii mama mkwe: kwa heshima, na kwa umbali. Baadaye nikapewa kushika valvu yenyewe. Wanawake waliokuja kuokota mabanzi ya kupikia wakaanza kuniita Injinia, nami sikuwakataza. Wapo watu wamekaa vyuoni miaka wakalipata jina hilo kwa karatasi. Mimi nililipata kwa kina mama wenye mizigo ya kuni kichwani, na halikuwahi kuninyima usingizi.

Mashine tuliiita Bibi. Ilikuwa ya zamani, nyeusi, nene, ya kigeni, na ilipenda kuamka taratibu. Na hapa naomba wasomi wanivumilie. Leo nasikia redioni watu wanafundishwa namna ya kuridhika na kazi, kana kwamba kuridhika ni ugonjwa ulioadimika. Mimi nilikuwa nao. Asubuhi, umande bado mweupe kwenye nyasi, mvuke ukishapanda, unafungua valvu kidogo. Bibi anakataa. Unaongeza. Anatetemeka, anakohoa, anatema maji, halafu gurudumu kubwa linasogea kama mtu anayegeuka kitandani. Mkanda unalia. Halafu anashika. Hakuna neno jingine: anashika. Banda lote linaingia kwenye mwendo mmoja, chafu-chafu-chafu, msumeno unaimba, ubao wa kwanza unaanguka na harufu ya utomvu wa msindano inakupiga usoni. Ningekuwa padri ningesema nilikuwa kanisani. Kisha navuta filimbi, na bonde zima linajua kumekucha. Watoto walikimbilia shule kwa filimbi ile. Masista wa misheni waliseti saa yao kwayo, ingawa ukiwauliza wangesema waliseti kwa redio.

Na kulikuwa na joto. Asiyekaa Njombe mwezi wa sita na wa saba hawezi kuelewa. Kuna asubuhi vidole havikubali hata kushika kijiko. Basi kabla ya kazi watu wote walikusanyika kwa Bibi: wapasuaji, wabebaji, mlinzi, karani. Na meneja.

Mtie alama huyo meneja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wanaomjua wameshamjua, na wasiomjua jina halitawasaidia. Alikuwa mtu wa kutoka mkoa wa joto, msomi, mpole wa sauti, na baridi yetu ilimtesa kama deni la baba. Kila asubuhi alikuja bandani na koti lake refu kama la askari wa zamani, kola imepanda hadi masikioni, akanyoosha viganja viwili mbele ya tanuri. Tulimwachia nafasi nzuri kuliko zote, pale pasipo na moshi. Kiazi chake ndicho kilichogeuzwa kwanza. "Huyu Bibi yenu," alikuwa akisema huku akipuliza kiazi, "huyu ndiye mke wangu wa Njombe." Tulicheka sana. Tulijua tuna meneja.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Makambako, pale barabara zinapokutana na reli inapopita, pakafumuka kama ugali uliosahauliwa jikoni. Mitumba ikamwagwa chini mpaka barabarani, redio za kila aina, majaketi ya Wazungu marehemu, sabuni za rangi tusizozijua. Sisemi ilikuwa mbaya. Jaketi nilinunua. Lakini pamoja na majaketi yakaja maneno: soko huria, ufanisi, mwekezaji. Mwekezaji alizungumzwa kiwandani kama Masiya. Hajulikani siku wala saa, lakini yuko njiani, tufagie.

Kabla yake ikatangulia semina. Meneja alitutangazia mwenyewe, mgongo kwa Bibi, ili makalio nayo yapate joto: "Ndugu zangu, anakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kutufundisha kuridhika na kazi. Soda zitakuwepo."

Kwa soda, tulifika wote.

Mtaalamu alikuja Njombe mwezi wa saba na shati la mikono mifupi. Hapo tu tungejua. Alitetemeka mpaka kalamu yake nene ikaandika herufi zenye mawimbi. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akauliza: "Nini kinakuridhisha katika kazi yako? Msiogope."

Mzee wa moto akanyoosha mkono. "Joto."

Mtaalamu akafikiri, akaandika: *Mazingira mazuri ya kazi*.

Mpasuaji mmoja akasema, "Mimi mabanzi. Mke wangu hahangaiki na kuni."

Akaandika: *Motisha*.

Mwingine akasema anaridhika na Jumapili. Hiyo hakuiandika. Akanigeukia mimi, na mimi, mjinga wa watu, nikasema ukweli: "Naridhika anaposhika."

"Nani?"

"Bibi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapiga kelele, "Mkewe aulizwe kwanza!" Nikaona aibu, nikasimama nieleze. Nikaeleza yote niliyokueleza wewe hapo juu, valvu, mkanda, harufu, filimbi. Mtaalamu akaacha kutetemeka, akaandika neno moja, *Kujituma*, akalipigia mstari chini, akasema katika safari zake zote hajapata kuona mfanyakazi aliyeridhika kama huyu. Akanivalisha fulana mbele ya wote. Ilinibana kwapani. Meneja alipiga makofi kuliko wote. Halafu mtaalamu akahitimisha kwa kutufundisha kwamba mtu aliyeridhika haulizi kiwanda kitampa nini, na hamsumbui mkubwa wake kwa maswali. Tukanywa soda baridi katika baridi ile, meno yakatuuma, tukarudi kazini.

Haikupita muda mrefu meneja akaja tena bandani. Kuna wageni wanakuja kukagua mali za kiwanda, akasema, wakubwa, pamoja na mthamini. "Wageni ni wageni. Mfungueni Bibi, msafisheni, waone chuma kinavyong'aa."

Sasa kwetu mgeni hapokelewi na masizi. Mgeni akitangazwa, nyumba inasilibwa upya, sufuria zinasuguliwa kwa mchanga mpaka zinatoa macho, mtoto anaogeshwa hata kama ameogeshwa jana. Na Bibi tulizoea kumfungua kila mwaka, mvua zikikatika. Kwa hiyo hatukuona ajabu. Tulizima moto, tukamfungua kipande kwa kipande: pistoni, fimbo, valvu, mifuniko, vikombe vya mafuta. Tukaviosha kwa mafuta ya taa, tukavipangusa, tukavilaza juu ya magunia kwa mpangilio wake, kutoka mlangoni hadi nyuma ya banda, vinang'aa kama vyombo vya harusi. Mzee wa moto alitembea katikati yake, mikono nyuma, akasema, "Mwali ametoka." Tulijivunia. Tukawa tunangoja tu wageni waone, tumfunge, tumwashe.

Wageni wakaja. Mthamini alikuwa kijana mnene mwenye viatu visivyojua tope. Aliingia bandani, akaangalia magunia, akaangalia boila tupu yenye mdomo wazi. Uso wake ukaingia huzuni ya kweli, siwezi kumsingizia.

"Loo," akasema. "Hii imekufa lini?"

Kwetu mgeni akiuliza, mwenye nyumba ndiye anayejibu. Mdogo hamkati mkubwa maneno. Kwa hiyo sote, banda zima, tuligeuza macho kwa meneja. Alikuwa amesimama karibu na mlango na koti lake. Mtu aliyeota moto wa Bibi kila asubuhi ya baridi tangu afike. Mtu aliyetuambia kwa mdomo wake tumfungue. Neno moja tu lilitakiwa: haijafa. Hata nusu yake.

Meneja alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. Akaivaa. Akaitoa tena, akaifuta.

"Poleni sana," mthamini akatuambia.

Na sisi tukajibu, kama tulivyolelewa, sauti moja: "Tumeshapoa."

Ndivyo tulivyo. Ukituambia pole tunapokea, hata kama hatujafiwa. Kuikataa pole ya mgeni ni kumpiga kofi. Mimi ndiye niliyeshtuka kwanza. Nikavunja adabu, nikasogea mbele: "Samahani, mheshimiwa. Haijafa. Imefunguliwa. Tukiifunga leo, kesho asubuhi inapasua mbao."

Mthamini akaniangalia, akaisoma fulana yangu, akamgeukia meneja. "Na huyu?"

Hapo ndipo meneja alipopata sauti. Akatabasamu kwa upole wake ule. "Huyo ni fundi wetu. Anaipenda sana kazi yake."

Wageni wakacheka kwa huruma, kama wanavyocheka watu mtoto anapokataa kwamba bibi yake amefariki. Mthamini akanigusa bega, lile lililoshuka, akasema, "Jikaze, mzee wangu." Wakatoka kwenda kuangalia majengo, ambayo waliyasifu.

Kesho yake tulimfunga. Kesho kutwa tukawasha moto kabla ya jua, nikafungua valvu, akakataa, akatetemeka, akashika. Nikavuta filimbi ndefu kuliko siku zote. Na nani alitokea wa kwanza kwenye ukungu, kola masikioni, viganja mbele?

"Ah," akasema meneja, "Bibi ameamka."

Nikamwuliza, "Bwana meneja, sasa si uwaambie wale wageni?"

"Nitawaambia, Injinia. Nitawaambia. Hicho kiazi kimeiva?"

Tukampa. Na tangu siku hiyo hadi siku ya gesi, baridi yote iliyobaki na vuli yake, tulipasua mbao kwa mashine iliyokwisha kufa. Magari yalikuja, yakapakia mbao za marehemu, yakaondoka. Meneja alisimamia. Alitusifu kwa uzalishaji. Kila nilipomkumbusha alikuwa anakwenda kuwaambia.

Walipomaliza kumkata walimpakia kwenye lori la kupeleka Makambako, stesheni. Nilipanda nyuma, juu ya vipande vyake, sijui kwa nini. Labda msiba una desturi zake. Mwenye lori alikuwa msafirishaji wa Makambako, mtu mzima mwenye kofia ya viua, mhamiaji kama nusu ya mji ule. Tulipofika, akashuka kukagua mzigo, akaokota fimbo ya pistoni iliyokatwa, akaipangusa kwa kidole. Kidole kikatoka na mafuta mapya. Akanitazama.

"Kaka, mimi nimekodiwa nibebe skrepa."

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Hii si skrepa. Hii ni dhuluma." Akairudisha taratibu, kama anayerudisha mkono wa mtu chini ya shuka. Katika mambo yote yale, huyo ndiye msomi pekee niliyemkuta, na sijui kama alisoma.

Kiwanda kikafungwa. Kiliuzwa kwa bei ya maiti; mwenye kukinunua alitaka majengo tu, akaweka ghala la soda. Msimamizi wa ghala akawa nani? Yule yule, na koti lile lile, safari hii na jiko la umeme ofisini. Sisi tulipewa mkono wa kwaheri. Mzee wa moto alirudi kwake kulima vinyungu, vile vishamba vya bondeni. Baridi ya mwaka uliofuata haikumvusha. Wakasema kifua, kilimpeleka hadi hospitali ya Ilembula, kikamrudisha ndani ya sanduku. Mimi nasema alizoea joto. Wengine wa banda letu walikwenda Makambako kutafuta maisha kwenye yale magari na yale magesti, na ugonjwa wa miaka ile ukawachagua mmoja mmoja. Nimebeba majeneza yao kwa bega hili hili. Nimebaki mimi, na sijabaki kwa ubora.

Sasa nachomelea mageti na madirisha Makambako, karibu na njia panda. Ndiyo, kwa gesi na umeme. Nakata chuma kwa moto wa bluu kama yule kijana. Kazi ni kazi, inanilisha, siitukani. Lakini haijawahi kushika.

Juzi juzi gari jipya likasimama mbele ya banda langu. Akashuka yeye. Amezeeka vizuri, kitambi cha heshima, koti la kisasa. Alitaka geti la nyumba yake mpya, lenye maua ya chuma juu.

"Injinia!" akaniita, akacheka kwa furaha ya kweli. "Bado tu unaipenda kazi?"

Nilizima moto, nikavua miwani. "Bwana meneja, kabla ya geti nina swali moja. Yule mthamini alipouliza Bibi amekufa lini, kwa nini hukusema neno?"

Akaangalia barabara. Akatoa miwani yake, akaifuta. "Mnyalukolo, ndugu yangu, yale yamepita. Zile zilikuwa nyakati."

"Nyakati hazina mdomo. Aliyeulizwa ni wewe."

Akaniambia atarudi kesho na vipimo. Hajarudi. Nimesikia geti amelitengenezesha Njombe, kwa fundi asiyemjua.

Basi namwandikia hapa, maana hapa hawezi kupanda gari akaondoka. Mthamini namsamehe kidogo, alikuta magunia. Yule wa semina na shati lake la mikono mifupi namwachia baridi. Lakini wewe ulijua. Wewe ulituambia tumfungue, ukaja ukatuona tukipewa pole, ukafuta miwani. Sitaki geti lako wala samahani yako, na usiniletee nyakati, usiniletee soko huria. Njoo hapa njia panda mchana, watu wakiwepo, wajane wa banda lile wakiwepo, unijibu moja tu. Asubuhi ile ulipotoka kwenye ukungu ukanyoosha viganja vyako viwili mbele ya tanuri la mashine iliyokufa, ulikuwa unaota moto wa nani?